Ngozi imelainika, mbona bado inawasha?

Mwanangu,

Umeniuliza mbona viwiko vimelainika tangu uanze krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa pumu yako ya ngozi, yaani ekzema, lakini usiku bado vinawasha, na kama dawa imekuharibia mishipa ya fahamu. Swali hilo limenikosesha usingizi. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuvalisha soksi mikononi ili usijichubue, na nikikufokea, "Acha kujikuna!" Nisamehe. Sikujua unachopambana nacho.

Dawa haijaharibu mishipa, ugonjwa ndio umeichokoza. Pumu ya ngozi ikipamba moto, chembe za kinga humwaga protini ziitwazo interleukini, hasa ya 4, 13 na 31. Nyuzi za neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, zilizo karibu na uso wa ngozi zina vipokezi vya protini hizo, na zikiguswa, mwasho huanza. Ukijikuna, ngozi huchanika, kinga huzidi kufurika, na ngozi hutoa kemikali inayostawisha neva hizohizo. Mwishowe hata jasho au sweta huzishtua. Ndiyo maana vile vidonge vya njano vya aleji vilikuwa vinakulaza tu: huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa aleji, na mwasho wako kwa sehemu kubwa hautokani nayo.

Krimu huzima moto wa kinga. Neva hutulia baadaye, polepole. Tena kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo usiamini macho peke yake. Pitisha kiganja: penye ukavu au unene, huenda ugonjwa bado upo. Usiache dawa ghafla. Muulize daktari wa ngozi kuhusu kupaka mara mbili kwa wiki pale panaporudiarudia. Akikupa takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo na steroidi, siku za mwanzo huenda ikachoma, kwa kuwa huzisisimua neva hizo kabla ya kuzituliza.

Najua umesikia habari za watu walioungua ngozi baada ya kuacha steroidi. Yapo hayo, hasa kwa krimu kali zilizopakwa usoni miezi na miezi bila daktari. Zile krimu za kung'arisha ngozi zisizo na lebo usiziguse kabisa.

Ukitoka kuoga jikaushe kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Kesho nakutumia kwa basi shuka mbili za pamba. Nimezifua kwa sabuni isiyo na manukato.

Mama