Re: Kwa nini dhahabu iko Geita na siyo Mwanza mjini?
Mkuu, umeuliza kwa nini Geita wachimbe dhahabu na sisi wa Mwanza tubaki na mawe ya kupigia picha. Mawe yetu, hata lile maarufu la Bismarck ziwani hapa mjini, ni graniti. Sehemu za migodi ya dhahabu kama Geita, Bulyanhulu na Nyamongo zimekaa kwenye miamba ya volkano ya kale, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji moto yenye madini yalipita kwenye nyufa zake, yakaacha dhahabu pamoja na kwatzi, yale mawe meupe magumu. Ndiyo maana mchimbaji wa duarani (shimo la dhahabu) hufuata mshipa mweupe, hasa ukiwa na kutu ya kahawia, dalili kwamba pairiti, madini ya chuma na salfa, imeoza humo. Hata mkoani kwetu, wilayani Misungwi, wachimbaji wadogo wa dhahabu wapo. Ila kinachometameta kwenye graniti ya Capri Point hapa mjini mara nyingi ni maika, madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa, siyo dhahabu; usikimbilie kununua karasha (mashine ya kusaga mawe).