Majina na namba za simu kwenye seli moja

Ndugu, nimekuelewa: orodha ya kikundi kwenye Excel ina jina, koma, kisha namba ya simu, vyote seli moja, nawe unataka kuvitenganisha. Nakili faili kwanza. Ingiza safu tupu kulia, maana Excel huandika juu ya vilivyopo. Chagua safu yenye majina, nenda Data, Text to Columns, Delimited (kutenganisha kwa alama), Next, weka tiki kwenye Comma. Usikimbilie Finish, bofya Next! Hatua ya tatu, bofya safu ya namba uchague Text; la sivyo 0712 inabaki 712, na hapo ndipo wengi huumia. Usitenganishe kwa nafasi, mwenye majina matatu atavuruga kila kitu. Kwa waliosahau koma, andika mfano mmoja wa jina pembeni, shuka seli inayofuata, bonyeza Ctrl+E (Flash Fill: Excel hujaza zilizobaki kwa kufuata mfano wako). Ila pitia kwa macho, hiyo hukisia tu.