Anwani 640 za wageni: niwatumie tangazo?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina shamba la kahawa hapa Moshi. Wageni wanakuja wanachuma, wanakaanga, wanatwanga wenyewe kwenye kinu, na wakati wa kuondoka wanasaini daftari. Tangu 2019 nina anwani 640 za barua pepe, wengi Wajerumani na Wamarekani, halafu Wakanada na Waingereza. Sasa nauza kahawa kwa posta na nataka kuwatangazia wote kwa mpigo. Wageni 38 wameshaniandikia wenyewe wakiulizia bei. Kuna kijana pia ananiuzia anwani 5,000 za watalii kwenye flashi kwa Sh 80,000. Ndugu yangu aliyeko Toronto kanitisha kwamba nitapigwa faini. Nimeambatanisha rasimu ya barua na picha ya daftari. – Mama Kahawa, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Flashi hiyo usiinunue, hata akikupunguzia bei. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza kumtumia mteja tangazo la bidhaa asiloliomba, isipokuwa ameridhia, umejitambulisha mwanzoni mwa ujumbe na umempa njia ya kukataa. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Watu hao 5,000 hawajawahi hata kusikia jina lako. Huwezi kusema wameridhia.

Daftari ndilo lililonifanya nikae na barua yako jioni nzima. Kwenye picha umepiga mistari kwa rula: tarehe, jina, nchi, barua pepe. Mgeni mmoja ameandika "Asante sana" na kuchora kikombe kinachofuka mvuke. Nimetafuta ukurasa mzima mahali panaposema kwamba anwani hizo utazitumia kutangaza kahawa, sikupaona. Mgeni yule alikuwa anakuaga.

Sasa twende kwenye safu ya nchi, kwa sababu hapo ndipo sheria zinapoachana njia.

Marekani ndiko kwenye mlango mpana. Sheria yao iitwayo CAN-SPAM, ya 2003, haikudai uombe ruhusa kwanza. Unaruhusiwa kutuma mpaka mtu aseme basi, na akishasema una siku 10 za kazi kuacha. Barua iwe na anwani yako halisi ya posta, mtumaji asijifiche, na kichwa cha barua kisidanganye. Ukikiuka, faini inaweza kupita dola 50,000 kwa kila barua moja. Lakini mpokeaji wa kawaida hawezi kukushtaki mwenyewe; kazi hiyo wameachiwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, wanasheria wakuu wa majimbo na kampuni zinazotoa huduma ya intaneti. Sikubaliani na utaratibu huo hata kidogo. Unamtwisha aliyesumbuliwa kazi ya kufunga mlango ambao hakuufungua. Wiki ya matanga ya dada yangu simu ilikuwa inalia usiku, nadhani ni ndugu wa Songea wanauliza usafiri, kumbe ni duka linanitangazia mapazia. Nilikuwa nimeshajiondoa kwao mara mbili.

Ndugu yako wa Toronto hakukutisha bure. Kanada walianza kutumia sheria yao Julai 1, 2014, na ni kali kweli: ruhusa kwanza, na wewe mtumaji ndiye wa kuthibitisha kwamba ulipewa. Mtu binafsi anaweza kutozwa hadi dola milioni 1 za huko, kampuni milioni 10. Ila wana jambo moja la busara, na hapo safu yako ya tarehe ina kazi. Aliyenunua kwako anahesabiwa kuwa ameridhia kwa miaka miwili tangu siku aliyonunua. Aliyeulizia tu, miezi sita. Kwa hiyo Mkanada aliyelipia ziara mwaka jana bado yumo ndani ya muda, na yule wa Machi 2019 alishatoka zamani. Wala usidhani utamwandikia kwanza kumwomba ruhusa. Kwa sheria yao, barua ya kuomba ruhusa ya kutangaza nayo ni tangazo.

Wajerumani na Waingereza nawaweka pamoja. Msingi wao ni agizo la Umoja wa Ulaya la 2002, na Uingereza imebaki na kanuni zake za 2003 zilizotokana na agizo hilo. Ruhusa kwanza. Mteja aliyenunua unaweza kumwandikia kuhusu bidhaa inayofanana na aliyonunua, ila tu kama ulimpa nafasi ya kukataa siku ile ulipochukua anwani yake, na unampa tena katika kila barua. Daftari lako halikumpa nafasi hiyo. Na usilichukulie kama jambo dogo: mwaka 2017 shirika la ndege la Flybe lilitozwa pauni 70,000 huko Uingereza kwa kuwatumia barua watu milioni 3.3 waliokuwa wameshasema hawataki. Barua yenyewe ilikuwa inawauliza kama taarifa zao bado ni sahihi.

Utaniambia, basi nianze na Wamarekani. Hapana, mama. Wewe unatuma ukiwa Moshi, na ninavyoisoma sheria yetu ya 2015, inakubana wewe mtumaji popote barua inapokwenda. Yenyewe iko karibu na ya Ulaya kuliko ya Marekani.

Rasimu yako sasa. Kichwa umeandika "Re: Oda yako ya kahawa". Kifute leo hii. Hakuna oda, na hilo "Re" linamfanya mtu adhani anajibiwa barua yake. Huo ni udanganyifu hata kwa Wamarekani. Andika "Kahawa mpya ya msimu kutoka Moshi". Mtumaji asomeke kwa jina la shamba, S.L.P. yako iwepo, na maneno ya kujiondoa yaonekane kama maneno mengine. Umeyaweka kwa herufi za kijivu chini kabisa. Nililazimika kuvaa miwani.

Anza na wale 38 walioulizia wenyewe. Wajibu mmoja mmoja, na mwishoni uliza kama wangependa habari za kila msimu. Atakayesema ndiyo, hifadhi jibu lake pamoja na tarehe. Na kuanzia kesho ongeza safu ya tano kwenye daftari: "Nitumiwe habari za kahawa: ndiyo / hapana." Mgeni aweke alama kwa mkono wake. Usimwekee wewe, Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 2019 kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa.

SWALI: Shangazi, duka moja la mtandaoni hapa Kenya linanitumia ofa kila asubuhi. Nimebonyeza kujiondoa mara tatu, wapi. – Baba Zuhura, Mombasa

JIBU: Pole baba. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kifungu cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila ridhaa yake, labda pawe na sheria nyingine inayoruhusu na mwenyewe amearifiwa. Waandikie barua moja ya kuwataka waache, uweke tarehe. Usizifute zile ofa, maana ndizo ushahidi wako. Zikiendelea, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizika ndani ya siku 90. Unaweza pia kudai fidia.