Beseni la Ndege kwa Gharama Ndogo: Anza na Kina cha Maji

Februari moja, nyasi za ua wetu hapa Buruburu zikiwa zimekauka na masika yakiwa bado mbali, nilijaza maji kwenye karai la zamani na kuliweka chini ya mpera, nikiamini kwamba nimewatendea ndege hisani kubwa. Shomoro walifika siku ileile. Walitua ukingoni, wakainama, wakayatazama maji, kisha wakaruka hadi kwenye mfereji unaovuja wakanywa huko. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta kinda wa shomoro akielea, mabawa yametanda juu ya maji. Kuta za karai zilikuwa wima na zenye utelezi, na kinda yule hakuwa na pa kushika wala pa kukanyaga. Ninaandika hasa kwa ajili yake, kwa kuwa watu wengi wenye nia njema huanza na chombo cha aina hiyohiyo.

Ndege wadogo wa bustani hawaogelei. Huoga wakiwa wamesimama, miguu imegusa chini, huku wakijirushia maji kwa mabawa, na kwa hiyo beseni linalowafaa ni la kina kifupi kuliko wengi wetu tunavyodhani: sentimita 2 hivi karibu na ukingo, na zisizidi 5 katikati. Ukingo uteremke polepole, na sehemu ya chini iwe na mikwaruzo ili kucha zishike. Ukizingatia hayo, gharama haina uzito. Ukiyapuuza, hata beseni la bei ghali la kuchongwa litabaki pambo tu.

Njia rahisi niliyoipata ni kununua kwa wauza miche wa kando ya barabara ile sahani pana ya udongo inayowekwa chini ya chungu cha maua. Yangu ina upana wa sentimita 40 na ilinigharimu shilingi 350. Uso wa udongo uliochomwa una ukwaruzo wa kutosha, na kama sahani ni ya kina kirefu kidogo, panga ndani yake mawe bapa mawili au matatu ambayo migongo yake itachomoza juu ya maji, ili hata nyuki apate pa kutua. Sahani ikae imara juu ya matofali yaliyopangwa vizuri.

Anayetaka kitu cha kudumu anaweza kujitengenezea cha saruji. Fundi mmoja aliyekuwa akikarabati ukuta wa jirani ndiye aliyenielekeza: lundika mchanga uliolowa, uufinyange uwe kama sahani iliyofunikwa kifudifudi, utandaze karatasi ya nailoni juu yake, kisha upake mchanganyiko wa saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, unene wa sentimita 4, na usawazishe kileleni ili kuwe kitako. Nilipotaka kulifunua kesho yake alinizuia. "Liache siku saba, mama, na ulimwagilie kila siku. Ukiliharakisha litapasuka." Nililifunika kwa gunia bichi kwa juma zima, kisha nikaliloweka juma jingine nikibadilisha maji kila siku, kwa sababu saruji mpya hutoa chokaa ambayo haiwafai ndege. Ndani usipake rangi yoyote.

Mahali pa kuliweka panahitaji kufikiriwa. Ndege aliyelowa ni mzito na huruka kwa shida, kwa hiyo anataka tawi la karibu la kukimbilia. Lakini kichaka kikiwa jirani mno, paka atajificha humo. Mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka zinatosha. Lisiwe mbele ya dirisha kubwa la kioo, na lipate kivuli saa za mchana, kwani jua kali huyachemsha maji na kuotesha ule ukijani wenye utelezi.

Sasa usafi, ambao ndio kazi yenyewe. Mbu huhitaji kwa kawaida siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka, na zaidi kukiwa na baridi kama ya Julai hapa Nairobi. Ukimwaga maji yote kila baada ya siku mbili, hakuna kiluwiluwi kitakachofika mbali. Mimi husugua kwa brashi ngumu bila sabuni, kwa kuwa sabuni huondoa mafuta ambayo ndege hujipaka kwenye manyoya. Mara moja kwa mwezi natumia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika 10, nasuuza sana na kuianika sahani juani hadi harufu iishe. Ukimwona ndege aliyejikunyata, manyoya yamemvimba na hashtuki unapomkaribia, ondoa beseni kwa majuma mawili, maana ndege wagonjwa na wazima hukutana hapo.

Kuhusu mgao wa maji, najua uchungu wake. Sahani yangu hutumia lita 3 hivi tu, na wiki ambazo mifereji imekauka naijaza kwa maji niliyosuuzia sukuma wiki, mradi hayana chumvi wala sabuni.

Jambo la mwisho nililoongeza ni chupa ya plastiki ya lita 5, iliyotobolewa kwa sindano na kutundikwa kwenye tawi juu ya sahani, ikidondosha tone moja moja. Mlio wa tone huwaita ndege kuliko maji yaliyotulia. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta ya maua, ambaye alikuwa hajawahi kuisogelea sahani, sasa huja kujisugua kwenye majani ya mpera yaliyorushiwa maji. Naye shore, yule wa kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, huingia hadi katikati kila asubuhi saa moja na nusu, akazamisha kifua mara tatu, akapanda juu ya jiwe na kujikung'uta hadi matofali yote yanalowa.