Kompyuta inayojiamsha usiku: iulize kwanza

Umeilaza kompyuta vizuri, saa nane za usiku feni inavuma na skrini imeangaza chumba kizima. Wengi hukimbilia kuwaza virusi. Katika kompyuta zote nilizohangaika nazo kwa tatizo hili, sijakuta hata moja iliyoamshwa na virusi. Mwamshaji huwa ni kifaa kilichochomekwa, kadi ya mtandao, au kazi iliyotegewa saa. Tena matengenezo ya Windows yenyewe, usipoyabadilisha, hupangwa saa nane hiyo hiyo.

Kwa hiyo usianze kuzimazima mipangilio kwa kubahatisha. Asubuhi, kabla hujailaza tena, fungua CMD, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi uandike:

powercfg /lastwake

Jibu likitaja kifaa, mchawi umempata. Likija tupu, jambo la kawaida tu, nenda Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha matukio ya mashine, kwenye kumbukumbu za System, utafute Power-Troubleshooter, tukio namba 1. Pale imeandikwa ililala saa ngapi, ikaamka saa ngapi, na kwa sababu gani.

Kompyuta yangu ya mezani ilinisumbua kwa sababu jibu lilitaja kidhibiti cha USB, basi, bila kusema ni kifaa kipi kati ya vilivyochomekwa hapo. Nikaandika powercfg /devicequery wake_armed, amri inayoorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Kipanya kilikuwemo. Usiku ule nikakichomoa, na mashine ikalala hadi asubuhi. Kipanya cha mwanga huona hata mtikisiko mdogo wa meza. Mlango ukibamizwa, kwake ni sawa na mkono umekisogeza. Dawa yake iko Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows: fungua sifa za kipanya, nenda Power Management, ondoa tiki ya ruhusa ya kuamsha kompyuta. Kibodi niliiacha na ruhusa yake, maana lazima kiwepo kitu cha kuiamshia.

Kadi ya mtandao ina ukurasa kama huo. Kama hakuna anayeiwasha kompyuta yako kutoka mbali, inyime kadi ruhusa kabisa. Kama yupo, weka tiki kwenye kuamshwa na magic packet pekee, yaani ujumbe maalumu wa mtandao wa kuamshia kompyuta. Hiyo ni pakiti yenye baiti 6 za FF kisha anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi, ikirudiwa mara 16, si kitu cha kutokea kwa bahati mbaya.

Kazi za saa utaziona kwa powercfg /waketimers. Kuzizuia, ingia mipangilio ya kina ya umeme, sehemu ya Sleep, uzime wake timers, yaani saa za kuamshia. Kwenye laptopu kuna mistari miwili, wa betri na wa chaja. Watu hubadilisha mmoja, kisha wanalalamika kuwa haikusaidia.

Wenye Mac, andikeni pmset -g log kwenye Terminal, dirisha lenu la amri. Sababu za kuamka zimo humo, ingawa orodha ni ndefu ya kuchosha.

Kuna laptopu ambazo hata zikilala hazilali kikweli. Andika powercfg /a. Ukiona S0 Low Power Idle imetajwa kuwa inapatikana, yako ni mojawapo, na inaweza kuendelea na shughuli za mtandao huku imefunikwa. Hiyo ukitaka kuitia kwenye begi, tumia Hibernate, inayohifadhi kazi zako kwenye diski kisha kuizima, la sivyo utaitoa ikiwa ya moto na betri imekwisha.