Injini Ikizima Angani

Juzi niliandika kuhusu ndege ndogo ambazo watu hujiundia gereji, na maswali yamenijaa. Leo nachukua matano.

Injini ikizima, ndege si inaanguka kama jiwe? (Msomaji, Morogoro)

Haianguki. Inashuka ikielea, na nyingi za aina hii husonga mbele mita 8 hadi 10 kwa kila mita 1 zinayoshuka. Ukiwa mita 600 juu ya ardhi na upepo umetulia, una kilomita 5 hivi, na dakika mbili na ushee. Sharti ni kushusha pua papo hapo ili mwendo usife. Mkono wenye woga hutaka kuvuta usukani, pua ipande.

Kwa nini hizi za kujiundia huzima sana? Ni hizo injini za magari? (Msomaji, Nairobi)

Injini za Volkswagen na Subaru ambazo wengine huzifunga zina mambo yake, sikatai. Lakini mimi huanza kutazama nyuma ya injini: tangi, mipira ya mafuta, vali, chujio. Ndege ya kiwandani ina njia ya mafuta iliyokwisha kujaribiwa kwenye mamia ya wenzake. Ya gereji umeiunganisha wewe, pengine kwa mara ya kwanza maishani. Nimewahi kufungua chujio nikakuta uzi wa silikoni, mwembamba kama tambi. Mtu aliipaka kwenye kifuniko cha tangi ili kisivuje, kwa nia njema kabisa. Injini yenyewe ilikuwa nzima.

Na aliyeunda si lazima awe ndiye anayerusha. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilihesabu ajali 224 za ndege hizi mwaka 2011, na zaidi ya nusu zilihusu ndege za mtumba. Mwimbaji John Denver alikufa hivyo tarehe 12 Oktoba 1997, katika Ghuba ya Monterey, California, akiwa na ndege ya kujiundia aina ya Long-EZ aliyoinunua karibuni. Mbunifu wa ndege hiyo, Burt Rutan, aliweka kwenye michoro vali ya kuchagua tangi mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda akaipeleka nyuma ya bega la kushoto. Kabla ya kuruka Denver na fundi walijaribu hata kurefusha mpini kwa koleo, haikusaidia. Mafuta yalikuwa kidogo. Kwa maelezo ya wachunguzi, Denver alipojigeuza kuifikia vali alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamponyoka.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha: inua pua ya ndege kama inapopaa, chomoa mpira kwenye kabureta, tia ndoo, shika saa. Mafuta yanayoshuka yenyewe yafike asilimia 150 ya yale injini inayokunywa ikipaa. Ya pampu, asilimia 125. Hapo unapima kwa ndoo, huombi Mungu.

Imezima nikiwa ndiyo kwanza nimeruka. Nirudi uwanjani? (Msomaji, Eldoret)

Usirudi. Ukilaza ndege nyuzi 45 ili kugeuka, mwendo ambao mabawa huacha kubeba hupanda kwa karibu asilimia 19, nawe mwendo huna. Tua mbele, kushoto au kulia kidogo.

Nichague shamba au barabara? (Msomaji, Tanga)

Barabara ina nyaya za umeme, na huzioni mpaka zimekukaribia. Shamba, ila si la mkonge. Lakini kikubwa ni mwendo: ukigusa ardhi kwa kilomita 80 kwa saa, mita 3 hivi za kusimama zinatosha kwa mshtuko wa mara 9 ya uzito wako, ambao mtu aliyejifunga mikanda vizuri aweza kuustahimili. Kwa 160 unahitaji zaidi ya mita 11. Acha mabawa yavunjike kwenye vichaka. Najua, umegonga kila ribiti kwa mkono wako miaka mitano. Wenye ndege za kukodi huamua hili haraka zaidi.

Na aliyeuliza kutoka Mombasa kama kabureta inaweza kuganda kwenye joto lile: ndiyo, hata nyuzi 25, kwa sababu mafuta yanapogeuka mvuke hupoza koo la kabureta, na unyevu wa pwani ndio unaoganda. Vuta kipasha joto cha kabureta mapema. Barafu ikiyeyuka, injini itakohoa ikimeza maji hayo, na utatamani kukirudisha. Usikirudishe.