Muulize Dereva Mstaafu: Pundamilia ipo, gari hazisimami

SWALI: Asalaam alaykum, mzee wangu. Nakaa Fuoni, Unguja. Mwanangu ana miaka minane na anavuka barabara kubwa mara nne kwa siku: skuli na kurudi, chuoni kusoma Kurani na kurudi. Pundamilia ya kuvukia ipo, imeshafutika nusu, na gari hazisimami. Kila siku namhimiza atazame kulia, kushoto, tena kulia. Wiki iliyopita vespa ilimkwangua begi mgongoni. Vijana wa mtaani wanataka kumwaga kifusi usiku wafanye tuta wenyewe. Niwaunge mkono?
Mama wa Fuoni

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Tushukuru limekwanguka begi.

Mimi nimeendesha daladala ya 505 miaka kumi na tisa, Darajani na Uwanja wa Ndege, na madereva hatulisemi hili mbele ya abiria: ile pundamilia tunaiona. Ukisimama, mwenzako wa nyuma anakupita na abiria wa mbele anamchukua yeye, na tajiri mwenye gari jioni anataka hesabu yake kamili. Rangi ya chini haimrudishi mtu gia.

Adhuhuri moja pale Kiembesamaki daladala ilikuwa inapakia karibu kabisa na kivuko. Nikatanua kuipita. Akachomoza mtoto, juzuu kaikumbatia kifuani. Nilipofunga breki, kati ya bampa langu na yeye zilibaki shubiri mbili. Hakulia wala hakukimbia. Alinitazama, akarudi hatua moja kuokota kandambili yake, akavuka. Konda wangu alimgombeza. Mimi ulimi ulikuwa mzito. Yule mtoto alikuwa ametazama kulia kama wako, ila alichokiona kulia ni ubavu wa daladala.

Kwa hiyo usimlaumu mwanao, na usitegemee macho yake peke yake. Kinachotakiwa ni kupunguza mwendo. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Ya 30 inakula mita 8 na kidogo. Na sekunde nzima inaweza kupita kabla mguu haujatoka kwenye mafuta ukafika breki. Ndiyo maana mkutano wa dunia wa usalama barabarani, Stockholm 2020, ulitaka mwendo usizidi 30 mahali watu na magari wanapochanganyika.

Kifusi, hapana. Naelewa hasira yao, lakini tuta la usiku halina alama wala rangi. Wa mwanzo kuanguka atakuwa kijana wa bodaboda, pengine mtoto wa jirani yako. Na vespa zitapita pembeni, pale pale watoto wanapotembea.

Ombeni kivuko kiinuliwe: tuta pana, bapa juu, lililopakwa rangi, ili mtoto avukie juu yake na gari ilazimike kupanda taratibu. Na kituo cha daladala kisogezwe mbele, baada ya kivuko, abiria wavuke nyuma ya gari. Hili la kituo watu hulisahau, nami naliona nusu ya kazi. Dar es Salaam taasisi ya Amend imefanya mambo ya namna hii karibu na skuli, njia za miguu na matuta ya kawaida tu, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya WRI Ross ya miji, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute.

Usiende kwa sheha mikono mitupu. Kaa na daftari asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu, hesabu watoto wanaovuka na gari zinazosimama. Mwalimu mkuu atie saini, sheha agonge muhuri, barua iende Wakala wa Barabara. Nakala ibaki kwako.

Huku mkisubiri, mwanao akishuka daladala asipite mbele yake hata konda akimwambia pita. Angoje iondoke, barabara ionekane yote, ndipo avuke.